Treni ya mjini siyo treni ya mikoani



Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka Dar. "Kaka, shikamoo. Habari za baridi? Watoto hawajambo? Shemeji mzima?" Kila anayebeba boksi huku Uingereza anajua kwamba shikamoo ikiwa ndefu namna hiyo, mwisho wake kuna pesa ya kutuma. Sikushtuka. Kilichonishtua ni kiwanja chenyewe. Kipo Soga, mkoa wa Pwani, karibu na stesheni ya SGR. Dalali amemwambia kwamba treni ya umeme inakimbia kilomita 160 kwa saa, kwa hiyo akipanda hapo saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na mbili na nusu yuko mjini anakunywa chai. Bei ni milioni sita. Yeye ana mbili, mimi nimalizie nne.

Mdogo wangu anaishi Gongo la Mboto na anafanya kazi Posta. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili awahi foleni, anarudi saa tatu usiku. Watoto wake wawili anawaona wakiwa macho Jumapili tu. Kwa hiyo msidhani ninamcheka. Mtu wa aina hiyo ukimwambia kuna treni, atauza hata kitanda.

Lakini kabla ya kutuma nilimuuliza swali moja: hiyo treni ni ya mjini au ya mikoani? Akanijibu, "Kaka, treni si treni tu?"

Hapo ndipo nilipoona niandike, maana kosa hilo siyo lake peke yake. Nalisikia kwa wasomi, kwa wanasiasa na kwetu sisi wa huku tunaokutana kwenye harusi na misiba na kujifanya wataalamu wa kila kitu. Mmoja anasema SGR itamaliza foleni ya Dar. Mwingine analalamika kwa nini SGR haisimami Gongo la Mboto na Vingunguti, eti ni treni ya matajiri. Wote wawili wanaidai treni ya mikoani kazi ya treni ya mjini.

Ajabu ni kwamba kwenye mabasi hatuchanganyi. Hakuna mtu anayesimama Manzese akisubiri basi la Morogoro limpeleke Kariakoo. Tunajua daladala ni daladala na basi la mkoani ni basi la mkoani. Daladala lina mlango mpana, kondakta, watu wamesimama, linasimama kila kituo na nauli ni ndogo. Basi la mkoani lina kiti chenye namba, tiketi ya jana na buti la mizigo. Hata dereva wake anavaa tofauti. Lakini ukiweka vyote viwili juu ya reli, akili zetu zinaona kitu kimoja kinachoitwa treni.

Mimi somo hili nilifundishwa kwa aibu. Mwaka 2004 nilikuwa nimefika hapa Reading, mji ambao Waswahili tupo wa kutosha, nikapata kazi ya ghala karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Niliambiwa nipande treni ya London na nishuke Hayes. Nikaingia stesheni, nikaona treni ndefu imeandikwa London Paddington, nikapanda. Si inakwenda London? Ikaondoka, ikachanganya, na mimi nimekaa dirishani najiona nimeshafika Ulaya. Tukapita Slough kama upepo. Tukapita Hayes, na nililiona jina la stesheni kwa nusu sekunde tu. Nikashuka Paddington, na wakati huo zile treni ulikuwa unateremsha kioo na kutoa mkono nje ndipo ufungue mlango, jambo lililonichukua dakika nyingine. Nikapanda nyingine ya kurudi nyuma. Nilifika kazini nimechelewa saa moja na nusu, na msimamizi hakutaka kusikia habari za reli.

Siku hizi Reading tofauti hiyo unaiona kwa macho. Kutoka stesheni ileile zinaondoka treni za aina mbili kwenda Paddington, umbali wa kilomita kama 58. Moja ni ya masafa, inatoka Bristol, Cardiff au Cornwall huko, na inafika London kwa dakika kama 25. Nyingine ni ya Elizabeth line, iliyofunguliwa Mei 2022 na kuanza kupita moja kwa moja kutoka Reading hadi katikati ya jiji Novemba mwaka huohuo. Hiyo inasimama karibu kila mahali na inachukua kama saa nzima kufika Paddington.

Sasa angalieni matumbo yake. Treni ya Elizabeth ina mabehewa tisa, kila behewa lina milango mitatu mipana kila upande, viti ni kama 450 tu lakini imetengenezwa kubeba watu 1,500. Yaani zaidi ya watu elfu moja wanategemewa kusimama, na hakuna anayeona ameonewa, kwa sababu wengi wanakaa humo dakika kumi au ishirini. Treni ya masafa ya mabehewa tisa ina viti kama 650, milango iko miishoni mwa behewa, kuna meza, kuna mahali pa mabegi, na mwendo wake unafika kilomita 200 kwa saa wakati ile nyingine mwisho wake ni 145. Ukiipeleka treni ya masafa kufanya kazi ya mjini, kila kituo watu watasukumana dakika tatu kwenye vimlango viwili. Ukiipeleka ya mjini Cornwall, abiria watasimama saa tano. Kila moja ni nzuri kwa kazi yake.

Lakini siri kubwa haiko ndani ya behewa, iko chini. Kati ya Reading na Paddington kuna njia nne za reli, mbili za treni za haraka na mbili za zile za polepole. Bila hivyo wangekuwa wanafuatana. Hebu fanyeni hesabu ya kawaida. Treni ikisimama kituo kimoja, kufunga breki, kushusha, kupakia na kuchanganya tena mwendo kunakula kama dakika mbili. Vituo kumi ni dakika 20. Kwa hiyo ukiweka treni ya vituo kumi mbele ya treni ya haraka kwenye njia moja, ile ya haraka lazima iondoke dakika 20 nyuma yake, la sivyo itaikuta mkiani na kutambaa nayo hadi mwisho. Na dakika hizo 20 za kusubiri ni reli iliyolala bure saa ya asubuhi ambayo kila mtu anaihitaji.

Turudi nyumbani. SGR yetu kwa sehemu kubwa ni njia moja, yenye mahali pa kupishana. Ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma Julai, na Rais Samia akaizindua rasmi Agosti 1. Mimi ni mmoja wa walioipanda, na sina neno baya. Morogoro chini ya saa mbili! Sisi tuliokulia kwenye mabasi ya Msamvu tunajua maana yake. Novemba mwaka huohuo zikaanza zile seti zenye pua kali ambazo wananchi walizibatiza mchongoko. Ni treni ya mikoani hasa, na kati ya Dar na Morogoro vituo vyake ni vinne tu: Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Umbali mrefu baina ya vituo ndio unaoipa ile kasi. Ukimtii anayetaka isimame Vingunguti, Gongo la Mboto, Kipawa na kila penye watu, utakuwa umenunua farasi wa mbio ukamfunga mkokoteni wa maji.

Angalieni pia nauli, maana ndiyo inayosema ukweli. Nauli zilizotangazwa mwaka 2024 kwa treni ya kawaida zilikuwa shilingi 1,000 Dar hadi Pugu, 4,000 hadi Soga, 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Huo ni mtindo wa basi la mkoani: unalipa kwa kilomita, unalipia safari moja, kiti kimoja. Sasa kuna jamaa zetu wanaosema mtu ataishi Morogoro na kufanya kazi Dar. Kwa nauli hizo, kwenda na kurudi ni 26,000. Siku 22 za kazi ni 572,000 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara serikalini, baada ya kupandishwa Julai 2025, ni 500,000. Yaani mfanyakazi huyo atampa TRC mshahara wote na kubaki anadaiwa 72,000, na bado hajala.

Mdogo wangu wa Soga ana nafuu, 176,000 kwa mwezi, lakini hapo hujahesabu bodaboda ya kumfikisha stesheni wala daladala ya upande wa pili.

Najua mtaniambia, mbona hata huko Uingereza watu wanaishi Reading na wanafanya kazi London, tena wanapanda hizohizo treni za masafa? Ni kweli kabisa, asubuhi zimejaa hao. Lakini hawalipi kwa siku, wana tiketi ya mwaka, na hiyo tiketi ya Reading hadi London ni zaidi ya pauni 5,000. Wanaoimudu ni watu wa mishahara ya London. Sisi wengine tunapanga kazi kulingana na reli, hatupangi reli kulingana na kazi. Na hata hao wanaoimudu, wamewekewa treni nyingi kila saa. Huwezi kujenga maisha juu ya treni ambayo ukiikosa, inayofuata ni mchana.

Kuna jambo jingine ambalo huwa halisemwi. Abiria wa Pugu wa shilingi 1,000 na abiria wa Dodoma wa 31,000 wanagombea kiti kimoja. Ukimkalisha wa Pugu, kiti hicho kinatoka Pugu kikiwa kitupu mpaka apatikane mtu wa kukipanda kuanzia hapo. Shirika lolote lenye akili ya biashara, likibanwa, litamwacha wa Pugu. Wala siyo ubaya wa roho, ni hesabu. Ndiyo maana nasema mtu wa mjini asiwekwe kwenye daftari moja na mtu wa mikoani. Siku ya kubana matumizi, yeye ndiye atakayekatwa kwanza.

Waingereza hili walilitambua zamani. Mwaka 1982 shirika lao la reli, likiwa bado la umma, liliwagawa abiria katika mafungu matatu: ya masafa kati ya miji mikubwa, ya London na vitongoji vyake, na ya mikoa mingine. Kila fungu likawa na meneja wake na hesabu zake. Lile la masafa liliambiwa lijilipe lenyewe, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaacha kupewa ruzuku. Lile la London halikutegemewa kujilipa kwa mtindo huo, kwa sababu treni ya mjini ina ugonjwa wake wa kuzaliwa nao. Unanunua treni nyingi kwa ajili ya saa mbili za asubuhi na saa mbili za jioni, mchana kutwa nusu yake zimelala, na huku nauli lazima iwe ndogo, la sivyo watu watarudi kwenye magari na mji utakwama. Faida yake haionekani stesheni. Inaonekana barabarani, kwenye magari ambayo hayapo.

Sisi tuliwahi kuonja. Oktoba 2012, Dk. Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, zilianzishwa treni mbili za mjini Dar es Salaam. Moja ya TRL kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, nyingine ya TAZARA hadi Mwakanga. Wananchi wakaziita treni ya Mwakyembe, na mwaka 2016 ikaongezwa ya Pugu. Wakati ule wapo waliocheka, wakasema mabehewa ya zamani, vichwa vya dizeli, moshi mtupu. Mimi nasema kwamba kama wazo, ile ndiyo ilikuwa treni sahihi kwa mtu wa Gongo la Mboto: inapita mahali watu wanapoishi, inasimama Buguruni na Tabata, asubuhi inaleta na jioni inarudisha. Kilichokosekana ni vifaa vyake na mfuko wake. Ilikuwa mtoto wa kufikia ndani ya shirika ambalo kazi yake ya kwanza ni mizigo na safari za bara. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 yalikuwa na wakala wake maalumu, DART. Tunaweza kuilaumu tukitaka, lakini angalau tunajua wa kumlaumu ni nani. Treni ya mjini mwenyewe wake ni nani? Jiji? Wizara? Shirika la reli? Mpaka hilo lijibiwe, tutaendelea kusubiri waziri mmoja mwenye moyo, na akihamishwa wizara, moyo unaondoka naye.

Wakenya kwa bahati, au tuseme kwa bahati mbaya iliyogeuka, wameitenganisha vizuri zaidi yetu. SGR yao ya Mombasa, iliyozinduliwa Mei 2017, haiingii katikati ya Nairobi. Inaishia Syokimau, nje ya jiji. Watu walilalamika sana, na mimi pia nilipofika hapo usiku na mabegi mawili nililalamika. Lakini kuna treni ya mjini kwenye reli ya zamani inayokuchukua hapo hadi stesheni kuu. Na Syokimau penyewe palikuwa na stesheni ya treni za mjini tangu Novemba 2012, kabla SGR haijafika. Mwaka 2020 wakaleta mabehewa yanayojiendesha yenyewe, mitumba kutoka Hispania, kwa ajili ya abiria wa mjini tu. Mitumba ndiyo, lakini ni mitumba ya saizi yako. Hata kwenye njia ya Mombasa wametofautisha: kuna treni inayokwenda kwa haraka na kuna ile inayosimama Mariakani, Voi, Mtito Andei, Emali na kwingineko. Mtu wa Voi haambiwi apande ya haraka aruke dirishani.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. SGR tuiache ikimbie. Tusiibebeshe foleni ya Dar, wala tusiitukane kwa kutosimama Vingunguti. Lakini palepale tudai ya pili, kwa jina lake. Njia ya zamani inayopita Buguruni na Gongo la Mboto hadi Pugu iwe ya watu wa mjini. Inunuliwe treni yenye milango mingi, iwe na tiketi ya mwezi na mtu anayeweza kuitwa bungeni kuulizwa kwa nini imechelewa. Na ruzuku yake isemwe hadharani ni shilingi ngapi, tusije tukaambiwa baada ya miaka mitatu kwamba ilikuwa inakula hasara, kana kwamba hilo lilikuwa siri. Pugu pana SGR. Treni ya mjini ikifika pale, mtu wa Gongo la Mboto anayekwenda Dodoma hana haja ya kwenda kwanza mjini, na mtu wa Soga anayetaka Buguruni anabadilisha hapo.

Wapo watakaosema nchi maskini haiwezi kuwa na treni mbili. Mimi ninachokiona ni kwamba nchi maskini tayari inalipia ya pili, ila inailipa kwa mafuta yanayoungua kwenye foleni na kwa usingizi wa mdogo wangu.

Kuhusu kiwanja. Simjui huyo dalali na sisemi ni mwongo. Kilomita 160 kwa saa ni kweli, ila hiyo ni sifa ya treni, wala siyo ratiba. Nimemwambia mdogo wangu Jumamosi asiende Soga na dalali, aende stesheni peke yake, aombe ratiba na ahesabu mambo matatu. Ni treni ngapi zinazosimama Soga na kufika Dar kabla ya saa mbili asubuhi? Ni ngapi zinazotoka Dar baada ya saa kumi na moja jioni na kusimama Soga? Na kuna tiketi ya mwezi au hakuna? Amenuna kidogo, ameniambia sisi wa majuu tunapenda maswali. Pesa ninayo. Bado sijaituma, nasubiri simu yake.